Mkono wa kushoto wa Takamura Kotaro

Kuna picha moja imekaa kwenye simu yangu mwaka wa pili sasa na siwezi kuifuta. Ni mkono. Mkono wa kushoto wa shaba, mkubwa kuliko wa mtu, umesimama wima juu ya kitako cha mbao, kidole cha shahada kimenyooka kuelekea juu, dole gumba limejipinda kwa nyuma mpaka unahisi mshipa unavutika, na vile vidole vingine vimekunjika kidogo kidogo kila kimoja kwa namna yake. Urefu wake haufiki hata nusu mita. Aliutengeneza Mjapani mmoja anaitwa Takamura Kotaro, mwaka 1918 hivi, na tangu nilipoiona hiyo picha nimesoma kila nilichoweza kukipata kumhusu huyu mtu, kwa sababu maisha yake yamenigusa mahali ambapo mimi mwenyewe naumia kila siku.

Niseme tu mapema. Baba yangu ni fundi seremala, Tanga, na nimekulia kwenye vumbi la mbao, nikawasha taa nikashika tochi nikamshikia ubao akipiga randa, alafu nikaenda shule nikapenda vitabu na nikaondoka. Sikuwahi kugombana na baba. Ila niliondoka kwa namna ambayo wote wawili tunajua kwamba niliiona ile kazi yake ni ndogo, na hilo jambo halijawahi kuzungumzwa nyumbani. Kwa hiyo nilivyokutana na habari za mtoto wa mchongaji aliyeona kazi ya baba yake ni ya kizamani, akavuka bahari kwenda kumtafuta Rodin, yule mchongaji mkubwa wa Ufaransa, nilikaa chini nikasoma vizuri.

Kotaro alizaliwa Tokyo mwaka 1883. Baba yake, Takamura Koun, alikuwa mchongaji wa sanamu za Kibudha, fundi wa mtindo wa zamani kabisa, aliyefunzwa kwa kuingizwa nyumbani kwa mwalimu akiwa mtoto na kufagia na kunoa patasi miaka mingi kabla hajaruhusiwa kuchonga cha maana. Alafu serikali mpya ya Mfalme Meiji ikaja, Ubudha ukapigwa vita kwa muda, masanamu ya mahekalu yakavunjwa na mengine kuuzwa bei ya kuni, na mafundi kama Koun wakabaki hawana wa kuwapa kazi. Yeye akashikilia mbao hivyo hivyo. Baadaye bahati ikamgeukia, akaitwa kufundisha kwenye shule kuu ya sanaa ya Tokyo, nyani wake mzee wa mbao akapelekwa kwenye maonyesho ya dunia Chicago mwaka 1893, na ile sanamu ya samurai maarufu Saigo Takamori na mbwa wake iliyopo bustani ya Ueno mpaka leo, iliyozinduliwa mwaka 1898, iliongozwa na yeye. Sasa wewe ni mtoto wa kwanza wa kiume wa mtu kama huyo. Njia yako imeshachorwa, unapewa patasi ungali mdogo, na unajua kabisa kwamba siku mzee akifa wewe ndo unashika nyumba, wanafunzi, na jina.

Mwaka 1904 Kotaro akaona kwenye jarida la Kiingereza, The Studio, picha ya sanamu ya Rodin, ile ya mtu aliyekaa anafikiri, kidevu juu ya mkono. Picha tu, ya kwenye karatasi. Mwaka uliofuata akanunua kwenye duka la vitabu la Maruzen kitabu cha Camille Mauclair kuhusu Rodin kilichotafsiriwa kwa Kiingereza, akakisoma mpaka akakijua. Hapa ndipo panaponishangaza kila nikifikiria, maana wakati huo hapakuwa na kazi hata moja ya Rodin ndani ya Japani! Za kwanza zilifika Desemba 1911, vishaba vitatu vidogo ambavyo Rodin mwenyewe aliwatumia vijana wa jarida la Shirakaba kwa kuwashukuru, kwa sababu walimtolea toleo zima alipotimiza miaka 70 na wakampelekea picha za ukiyo-e, zile zinazochapwa kwa vibao vya mbao. Kwa hiyo kizazi kizima cha wachongaji wa kule kilimpenda Rodin kwa maneno kwanza. Walisoma sanamu kabla ya kuzigusa, na kazi yenyewe ni ya kugusa.

Basi akaondoka. 1906 New York, akafanya kazi ya usaidizi kwa mchongaji Gutzon Borglum, yule ambaye miaka mingi baadaye alichonga vichwa vya marais wa Marekani kwenye mlima Rushmore. 1907 London. 1908 Paris, mtaa wa Montparnasse, akawa anajifunza Kifaransa kwa kusoma mashairi ya Verlaine na Baudelaire, anatembea makumbushoni, anakaa kwenye mikahawa. Mwenyewe aliandika uzeeni kwamba Paris ndiko alikokua mtu mzima, ndiko roho yake ilikofunguliwa kwa mara ya kwanza. Namwamini. Ukitoka kwenye nyumba ambayo kila mtu anakuita kwa jina la baba yako, ukafika mahali ambapo hakuna anayekujua wewe ni mtoto wa nani, pumzi inaingia tofauti kabisa.

Lakini Paris hiyo hiyo ndiyo iliyomvunja. Kuna maandishi yake mawili aliyoyatoa baada ya kurudi, mwaka 1910. Kwenye moja anasimulia asubuhi aliyoamka chumbani kwa mwanamke wa Kifaransa, akiwa na furaha zake, akainuka, na mbele yake akaona mtu mweusi mweusi wa ajabu amesimama amevaa nguo za kulalia, akashtuka, kumbe ni kioo na ni yeye mwenyewe. Furaha yote ikaisha hapo hapo, akakimbia kurudi chumba chake cha kufanyia kazi. Kwenye lile jingine, ambalo ameliandika kama barua zilizoandikwa lakini hazikutumwa, anasema watu weupe kwake ni fumbo lisilokwisha, kwamba anafinyanga mwili wa modo wa Kifaransa huku anajua hamjui, na kwamba hawezi kuelewa hata mtikisiko mdogo wa kidole cha mkono wao.

Hata mtikisiko wa kidole. Hiyo sentensi ishikilieni kidogo.

Alirudi Japani katikati ya 1909. Baba yake akaenda kumpokea Kobe, na njiani mzee akamfungulia moyo, kwamba amewaza waanzishe kampuni ya kutengeneza sanamu za shaba, wanafunzi wapo, jina lipo, oda zitakuja, na yeye Kotaro aliyetoka Ulaya ndo awe katikati ya mambo. Mzee wa watu alikuwa anampa mwanawe zawadi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Na Kotaro akaingiwa na giza, hakuweza hata kujibu vizuri. Akaikataa, akakataa na kufundisha, akawa mtu wa kulewa na kuzurura na kuandika. Nimejaribu kumchukia kwa hilo na nimeshindwa, kwa sababu najua unavyojisikia pale baba anapokufungulia mlango wa karakana na wewe unaona ukuta. Na baba naye najua alivyojisikia, ingawa hilo nimelijua nimeshachelewa kidogo.

Mwaka 1910 huo huo akafungua Tokyo, mtaa wa Kanda, duka dogo la kuonyesha na kuuza kazi za sanaa, moja ya maduka ya kwanza kabisa ya aina hiyo nchini, na halikudumu mikononi mwake. Na mwezi wa 4 akatoa kwenye jarida la Subaru makala yake kuhusu jua la kijani. Hoja yake ni kwamba kama mchoraji akilichora jua kijani yeye hatasema amekosea, kwa sababu inawezekana hata yeye siku moja akaliona hivyo, cha kuuliza ni kama picha imesimama yenyewe. Wengi wakikumbuka makala hiyo wanakumbuka uhuru wa msanii basi. Mimi naona kiini chake kiko kwenye maneno anayoyasema kama kwa kupita tu, kwamba yeye amezaliwa Mjapani, na kama samaki asivyoweza kuishi nje ya maji, hata akinyamaza atakuwa Mjapani, na samaki akiwa majini hahisi kwamba amelowa. Watu walikuwa wanabishana kwa ukali kama picha za mafuta zina rangi za Kijapani au hazina, na yeye akawaambia acheni, hicho kitu hakitafutwi, kipo.

Ukichanganya hilo na yale ya kioo unaona mtu aliyeumia alafu akapata pa kusimama.

Sasa Rodin. Kotaro alikusanya maneno ya Rodin yaliyokuwa yametawanyika huku na huku, mazungumzo yaliyoandikwa na waandishi mbalimbali wa Ulaya, akayatafsiri kwa Kijapani, kitabu kikatoka 1916 na cha pili 1920. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake iliyobadilisha watu wengi kuliko sanamu yoyote aliyochonga. Vijana wa mikoani ambao hawangefika Paris hata kwa ndoto walikisoma usiku kwenye taa, na wawili kati yao, Sato Churyo na Funakoshi Yasutake, wakaja kuwa miongoni mwa wachongaji wakubwa wa Japani baada ya vita. Funakoshi alimheshimu kiasi kwamba alipopata binti alimwendea Kotaro ampe mtoto jina, na Kotaro akampa jina Chieko, jina la mke wake mwenyewe aliyekuwa ameshafariki. Hakutafsiri Rodin peke yake pia. Alitafsiri mashairi ya mapenzi ya Verhaeren wa Ubelgiji, kumbukumbu kuhusu mchoraji van Gogh, na maandishi ya mshairi Whitman wa Marekani. Alikuwa analipia nyumba kwa tafsiri, ndiyo, lakini ukisoma mashairi yake ya miaka ile, kwa mfano lile la mtu anayesimama kwenye mvua na upepo mkali chini ya kanisa la Notre-Dame akiligusa jiwe kwa mkono, utaona Ulaya imeingia ndani mpaka kwenye pumzi ya mistari, na mtu anayeongea anajitambulisha bila kujificha kwamba yeye ni yule Mjapani.

Na katikati ya miaka hiyo ya kutafsiri Rodin ndipo akatengeneza ule mkono.

Uangalie vizuri. Namna ya kuufinyanga ni ya Rodin, udongo umesukumwa na dole, uso wa shaba una mawimbi, misuli chini ya ngozi, na Rodin ndiye aliyeuonyesha ulimwengu kwamba mkono peke yake bila mwili ni sanamu kamili. Lakini ishara yenyewe si ya Paris. Ni ishara ya mkono wa Buddha, ile ya kumwondolea mtu hofu, kiganja kikielekezwa kwa anayeangalia, usiogope. Ni mkono ambao Koun na mafundi wenzake walikuwa wameuchonga kwenye mbao pengine mamia ya mara. Kwa kawaida Buddha anauinua mkono wa kulia, Kotaro ameuinua wa kushoto, na mimi kwa kufikiria kwangu naona ni kwa sababu wa kulia ulikuwa na kazi ya kufinyanga, ukabaki huu mwingine wa kuutazama. Mtu aliyesema hawezi kuelewa hata mtikisiko wa kidole cha Mzungu, miaka kama kumi baadaye amekaa na vidole vyake mwenyewe, na ameelewa kila kiungo. Na uelewa huo hakuupata karakanani kwa baba yake moja kwa moja. Ilibidi azunguke dunia, asome lugha mbili za wageni, amtafsiri Mfaransa neno kwa neno, ndipo aweze kuuona mkono uliokuwa ukutani nyumbani tangu yuko mtoto.

Baada ya hapo akarudi kwenye mbao! Kuanzia miaka ya 1920 alichonga vitu vidogo vya kushika mkononi, nyenze, kambare, komamanga, ndege, kwa patasi na ufundi ule ule wa mzee wake. Hata baba yake alipofariki mwaka 1934, mwaka uliofuata Kotaro alitengeneza sanamu yake kwa shaba, na ni uso uliotazamwa kwa heshima na mtu anayeujua. Kuhusu nyenze, yaani wale wadudu wanaopiga kelele mtini mchana joto likizidi, ameandika makala nzima. Anasema siri yote iko kwenye bawa. Bawa la nyenze wa kweli ni jembamba unaona upande wa pili, na fundi anayetaka kusifiwa atalichonga jembamba hivyo hivyo, watu washangae, na hapo hapo sanamu itakuwa imekufa. Bawa lazima liwe nene, na unene huo ndio umfanye mtazamaji ahisi wembamba.

Nilimwonyesha baba picha ya huyo nyenze likizo iliyopita. Alivaa miwani akaikuza kwa vidole viwili, akakaa kimya muda, nikamweleza habari ya bawa. Akasema, "Sasa mwanangu hilo lingekuwa jembamba si lingemvunjikia mwenye nalo? Huyu amechonga kitu cha kubebwa." Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimesoma siku chache kabla kwamba Chieko, mke wa Kotaro, alikuwa anavichukua vile vinyago vidogo anavitia kifuani ndani ya kimono anatembea navyo mjini, kwa kuvipenda. Baba hakuwa amesoma popote.

Chieko. Naye alikuwa mchoraji, mtoto wa watengeneza pombe ya sake wa Fukushima, ndiye aliyechora jalada la toleo la kwanza la Seito, jarida la wanawake, mwaka 1911. Walioana 1914 wakaishi kwa shida na kwa sanaa. Lakini kazi za nani zilisonga mbele na mikono ya nani iliingia jikoni tunajua, na Kotaro mwenyewe baadaye alilikiri. Familia ya Chieko ikafilisika, afya ikawa mbovu, picha zake zikakataliwa, akili ikaanza kumwacha, mwaka 1932 alijaribu kujiua. Hospitalini miaka ya mwisho alikuwa anakata karatasi za rangi kwa mkasi mdogo, maua, matunda, samaki, vijiko, zaidi ya 1,000, na anamwonyesha mume wake tu. Alifariki tarehe 5 Oktoba 1938. Mashairi ya Kotaro kumhusu yalitoka kitabu kizima mwaka 1941 na mpaka leo Wajapani wanayasoma shuleni, lile la limau aliloling'ata akiwa anakata roho akili ikamrudia kwa dakika ndilo maarufu zaidi. Mimi nikiri kwamba zile karatasi zinanishika kuliko mashairi.

Alafu vita. Hapa sitaki kupita haraka kwa sababu wengi wanaompenda wanapita haraka. Mtu huyu aliyeitwa roho huru, mtafsiri wa Rodin na Verhaeren na Whitman, aliandika mashairi mengi ya kuchochea vita, akawa mkuu wa kitengo cha ushairi kwenye chama cha waandishi kilichokuwa chini ya serikali. Vijana waliyabeba kichwani wakaenda kufa. Ulaya yote aliyoisoma haikumzuia. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba siku Japani iliposhambulia meli za Marekani Pearl Harbor fikra zote alizokuwa nazo zilikatika zikabaki moja tu, Mfalme yuko hatarini, na utoto ukamrudia, akamwona baba, akamwona mama. Yaani pale pale alipodhani ameshatoka, nyumba ilimvuta kwa mkono mwingine. Sijui kama kuna kitu kinachonitisha zaidi katika habari zake zote.

Aprili 1945 mabomu yaliichoma studio yake Tokyo. Kichwa cha Chieko alichokitengeneza kikateketea, na karibu kila kitu. Karatasi za Chieko zilipona, kwa sababu alikuwa amezigawa mapema na kuzipeleka kwa watu wa sehemu tatu tofauti nje ya Tokyo, na hilo nalo linasema nini alikiona cha kuokolewa kwanza. Akakimbilia Hanamaki kwa ndugu wa mshairi Miyazawa Kenji, na nyumba hiyo nayo ikaungua siku 5 kabla ya vita kuisha. Akaenda zake kijijini milimani, kwenye kibanda cha chumba kimoja ambacho theluji iliingia kwa nyufa mpaka kwenye blanketi, akakaa huko miaka 7 akilima viazi, ana miaka zaidi ya 60, ana kifua kikuu. Hakuna aliyemhukumu kukaa kule. Alijihukumu. Mwaka 1947 alitoa mashairi 20 ya historia ya upumbavu wake mwenyewe, hakusingizia mtu, akakataa na kiti alichopewa kwenye akademia ya sanaa ya taifa. Na kwa miaka yote hiyo hakuchonga sanamu. Kwa mchongaji sijui adhabu kubwa zaidi ya kuifungia mikono.

Alirudi Tokyo 1952 kwa ajili ya kazi moja tu, mkoa wa Aomori ulitaka sanamu ya kuwekwa kando ya ziwa Towada. Akatengeneza wanawake wawili uchi, wakubwa kuliko mtu wa kawaida, wanaangaliana, kila mmoja ameinua mkono wa kushoto mbele kana kwamba wanataka kugusana viganja. Mwili ni mmoja umerudiwa, na waliomjua Chieko walisema wanamwona usoni. Ilizinduliwa Oktoba 1953. Tarehe 2 Aprili 1956 kifua kikuu kikammaliza, kwenye studio ya kuazima.

Nimetazama picha za wale wawili kwenye theluji ya Aomori, maana wamesimama wazi nje, hawana paa, ziwa nyuma yao. Viganja vyao havigusani. Vimeachana nafasi ndogo tu. Baba nilimtumia na hiyo pia, akanipigia jioni yake, akauliza huyo mzee alikuwa na miaka mingapi alipoifanya. Nikamwambia 70. Akauliza tena, mikono yake ilikuwa haitetemeki?